Chupa Mbili za Kizibo cha Kioo

Jumatatu, 22 Machi 1971

Mimi Zadock Ajwang', mtu wa darasa la sita na nusu (nusu iliyobaki mwalimu aliniambia nikaimalizie kwetu), leo nimeanza daftari hili. Mtu mwenye akili kama zangu akifungiwa chini ya ardhi bila wa kumsikiliza, akili humwagika bure.

Na nimefungiwa kweli, sisemi kwa mafumbo. Stoo ya Bwana Macharia iko chini ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka River Road. Humu ndimo zinamotoka dawa za maabara za mashule. Asubuhi Bwana Macharia anafungua mlango wa nondo, naingia mimi na Mzee Wahome mtunza stoo, kisha anafunga kwa kufuli linaloweza kumzuia ndovu. Mzee Wahome akiwa na mzigo wa kupeleka shuleni anatolewa, mimi nabaki. Kisa ni kijana aliyekuwa hapa kabla yangu. Alikuwa anakunywa spiriti na kuongezea maji chupani, mpaka shule moja taa zao zikakataa kuwaka. Alewe yeye, nifungwe mimi.

Niache kazi? Ninaishi Kabiria kwa baba mdogo, Joash Were, na mkewe Selpher, ambaye sote tunamwita Mama Peres. Vyumba ni viwili. Ploti ni ya nani? Ya Macharia huyohuyo. Baba mdogo aliniambia, "Ukimkasirisha huyo mzee, tutalala sote kwa barabara." Basi mimi ndiye ukuta wa nyumba ile. Sijasikia mtu akinishukuru.

Jumatano, 24 Machi

Mvua. Dirisha langu ni moja tu, futi moja kwa urefu, lina nondo na liko sawasawa na barabara. Naona viatu. Nairobi yote imelowa miguu.

Ijumaa, 26 Machi

Leo Mzee Wahome amenifundisha chupa kana kwamba ananifundisha kusali. Za kahawia ni za dawa zinazoogopa mwanga, kama mwizi wa kuku. Nyeupe ni za zile zisizo na aibu. Usijaze mpaka mdomoni, dawa nayo hupata joto ikataka kunyoosha miguu. Karatasi ya jina ukishaibandika, ipake nta ya mshumaa juu, la sivyo unyevu utaibandua.

"Na asidi," akasema, "mpe kizibo cha kioo. Lakini soda kali, hii ya wachemsha sabuni, mpe kizibo cha mpira. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Kwa nini cha mpira?"

"Kwa sababu umesema."

Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda. Akasema soda kali hula kioo polepole, ikagandisha kizibo na shingo ya chupa vikawa kitu kimoja. Halafu akavuta uzi wa sufu kwenye sweta lake na kuutia kwenye bilauri yenye soda hiyo. Soda yenyewe ni nyeupe, safi, ungedhani ni maji ya kisima. Alasiri akaniita. Uzi haukuwepo.

"Sasa fikiria koo la mtu," akasema, akaenda kunywa chai.

Mzee huyu sweta lake litaisha kwa kufundisha.

Jumanne, 30 Machi

Leo nimepata uzuri. Shule moja ya Loresho imerudisha chupa kuukuu, na ndani ya sanduku mna pacha: chupa mbili za ujazo wa painti moja, kioo kizito, vizibo vya kioo vilivyochongwa pembepembe. Ukizielekeza dirishani zinatupa rangi ukutani.

Wateja wakija Bwana Macharia huwaonyesha rafu ya mbele. Nani ataonyesha mpira, ule unaofanana na pua ya ng'ombe? Nikajaza moja maji ya mvuke, yale safi tunayochemsha na kukusanya jasho lake kwa ajili ya maabara. Nyingine nikaitia soda kali. Maji kushoto, soda kulia, nikabandika karatasi za majina kwa mwandiko wangu wa kiserikali. Nta sikupaka, ingeharibu mwandiko. Mzee Wahome macho yake ni ya mbali, hakuona vizibo. Bwana Macharia aliona, akasema, "Hata wewe kumbe una akili kidogo." Kidogo!

Jumatatu, 5 Aprili

Nina adui. Anaitwa Muthama, askari wa geti, Mkamba mrefu mwenye buti za jeshi. Alikuwa vitani Burma na hajarudi bado, ukimsikiliza. Mimi humwita Burma. Yeye huniita kuruti.

Nilikuwa nimemtuma mtoto wa barabarani aniletee mandazi, anipitishie dirishani. Nikaona mkono wa mtoto, nikaona mandazi, halafu nikaona buti. Muthama akamwambia Bwana Macharia kwamba kitu kinapita dirishani. Nimekaripiwa mbele ya Mzee Wahome kama mtoto aliyelowesha kitanda.

"Afande," nikamwambia jioni, "Wajapani uliwashindaje wakati unaogopa mandazi?"

"Dirisha ni dirisha, kuruti. Leo mandazi, kesho spiriti. Mimi nalinda."

Ngoja tu.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Niko nyumbani. Redio imesema maji yachemshwe, kuna ugonjwa wa tumbo. Makaa yamelowa, Mama Peres anapuliza jiko mpaka macho yamekuwa mekundu. Nikamwambia stoo yetu ina maji ambayo hayajawahi kuona mdudu, safi kuliko ya mawinguni.

"Basi lete," akasema. "Kila siku unaleta maneno, leta maji siku moja."

Peres, ambaye ana miaka minne na masikio ya miaka arobaini, akadakia: "Zadock ataleta maji ya mawingu!"

Sasa nimenaswa. Mtu akiniamini huwa sina budi.

Jumatano, 14 Aprili

Dari inavuja pale rafu ya mbele. Tumehamisha kila kitu, Mzee Wahome akipokea mimi nikimpa, mbio mbio. Karatasi nyingi zimebanduka, zingine zinaelea sakafuni kama majani. Zangu zote zimekwenda. Pacha wangu wako uchi, lakini mimi nina kichwa: kushoto maji, kulia soda.

Jumamosi, 17 Aprili

Andika kwa wino mwekundu, Zadock, kwani umemshinda mtu wa Burma!

Nimetoka na chupa ya kushoto kwapani, chini ya sweta. Muthama hupapasa mifuko. Akapapasa, nikacheka, nikamwambia ana mikono baridi kama ya daktari. Akasema, "Pita."

Mama Peres aliigeuza geuza ile chupa kwenye taa. Nilidhani atamimina. Lakini wapi! Alifungua kabati lake la vioo, ambamo mna vikombe vyenye umri kunizidi na havijawahi kuonja chai, akaiweka katikati, akatandika kitambaa alichofuma.

"Hii ni ya wageni."

"Mama Peres, ni maji tu. Kunyweni."

"Chupa kama hii afungue nani, wewe? Vumbi liingie?"

Peres alilia. Nikamwahidi kwamba siku ya wageni yeye ndiye atakayekunywa wa kwanza, kabla hata ya mke wa kasisi. Akaacha kulia akaniambia niape. Nikaapa.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua. Viatu.

Jumatano, 28 Aprili

Nimeosha chupa. Kesho nitaosha chupa. Nilimwuliza Mzee Wahome kama binadamu anaweza kugeuka chupa. Akasema kwanza aache kupiga kelele.

Alhamisi, 6 Mei

Leo imetisha kidogo, ingawa sitamwambia mtu. Siku hizi Alhamisi Bwana Macharia huenda shambani kwake Waithaka kupalilia maharage, na ufunguo huenda naye mfukoni. Mzee Wahome alikuwa nje na mzigo. Jioni ikaingia, duka la juu likafungwa, hakuna aliyekuja. Harufu ya dawa huzidi jioni. Nikaanza kuhisi kuta zinasogea. Niliita, viatu vikakaza mwendo.

Buti zikaja zikasimama dirishani.

"Kuruti. Unaogopa?"

"Mimi? Ninapumzika."

Muthama akakaa kwenye ukingo wa barabara na kunihadithia jinsi lori lao lilivyokwama kwenye matope, wakalala chini yake wakila biskuti ngumu kama vigae. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Anakaa Kawangware na basi lake lilikuwa limepita, nililisikia. Bwana Macharia alipofika, matope mpaka magotini, Muthama alikuwa bado anasimulia biskuti.

Bado ni adui. Lakini ni adui mwenye hadithi.

Jumanne, 11 Mei

Mama Peres amepiga sakafu deki mpaka tunatembea kwa vidole. Akina mama wa kanisa wanakuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana kuomba nyumbani kwetu. Chupa itafunguliwa. Peres amechagua kikombe chake na analala nacho.

Alhamisi, 13 Mei

Ninaandika nikiwa ndani. Mwandiko ukiwa mbaya, usinicheke.

Bwana Macharia amefunga na kwenda Waithaka. Mzee Wahome amepanda pikapu na mzigo wa Loresho, ila ameniachia kazi: jaza chupa ndogo ya soda kali, kesho ina mwenyewe. Nikachukua ile pacha iliyobaki, ya kulia. Nikakaza mkono kuzungusha kizibo.

Kikatoka. Kikatoka kwa wepesi kama mlango wa kanisa.

Nikasimama hivyo, kizibo mkononi. Ilikuwa imekaa tangu Machi. Mzee Wahome alisema soda hugandisha kioo na kioo. Tone likaniangukia kidole, nikaruka kwenye bomba. Lakini sikusikia ule utelezi wa soda, ule wa kama sabuni. Sikusikia chochote. Nikachukua karatasi nyekundu ya kupimia, ile inayogeuka samawati ikiguswa na soda. Nikaichovya. Nyekundu. Nikachovya nyingine kwenye chupa ya soda yenye kizibo cha mpira. Samawati papo hapo. Nikarudi kwa pacha. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Haya ni maji. Siku ya kuvuja tulipohamisha rafu chupa hizi zilibadilishana mahali, na mimi mwenye kichwa sikuona. Soda iko kabatini Kabiria, juu ya kitambaa. Na wa kwanza kunywa ni Peres, kwa sababu niliapa.

Nimepiga mlango kwa bomba la chuma mpaka mikono imekufa ganzi. Kufuli halijakwaruzika. Duka la juu wamewasha redio, salamu kwa fulani wa Kakamega. Nimeita dirishani. Viatu vyekundu vya mwanamke vikaruka dimbwi na kukimbia. Mwanamume mmoja akainama, nikadhani ameelewa. Akaniangushia senti kumi.

Halafu buti.

"Afande!"

Hazikusimama.

"Afande Muthama! Mzee! Baba!"

Zikasimama. "Leo mimi ni baba. Jana nilikuwa Burma."

"Mzee, niliiba chupa."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ile kwapa yako ilikuwa na mimba. Nilinusa, hakuna spiriti, nikasema, huyu kijana amechukua maji. Maji nani anakataza?"

"Si maji."

Nikamweleza yote, nikamalizia na ule uzi wa sufu. Buti hazikutikisika. Nikamwambia apige simu. Akasema ofisi yenye simu imefungwa, "na simu ya Kabiria utampigia nani, jogoo?" Akazunguka akashuka ngazi, akapiga kufuli kwa jiwe, mara nyingi, hata likatoa cheche. Akaacha.

"Hii kufuli mimi nilitumwa kununua," akasema. "Nikachagua ile ngumu kabisa."

Tulikuwa tunatazamana katikati ya nondo. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo sikuwa nimeliona.

"Nikitoka hapa geti itabaki wazi. Macharia akirudi mimi sina kazi. Nina watoto watano Machakos, wewe kuruti."

"Najua, mzee."

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Peres."

Akapanda ngazi. Sikuwahi kuziona zile buti zikikimbia. Zimepita dirishani zikirusha matope mpaka kwenye daftari hili. Alama yake ndiyo hii.

Baadaye

Basi mpaka Kawangware, kisha kwa miguu mpaka Kabiria. Matope ya Kabiria yanavua watu viatu. Yeye si kijana.

Baadaye

Sasa akina mama wamefika. Sasa wanaimba. Mama Peres hamalizi wimbo haraka, anapenda ubeti wa mwisho. Imbeni, akina mama. Imbeni zote zilizomo kitabuni.

Baadaye

Nimeosha chupa. Nimeosha zilizooshwa. Mkono ukisimama namwona na kikombe chake.

Niliweka kile kizibo kwa ajili ya urembo.

Baadaye

Redio imezimwa. Giza limeanza kwenye kona ya asidi. Mlango haufunguki.

Baadaye, jioni

Buti zilirudi taratibu. Nikasema moyoni, mtu mwenye habari njema hatembei hivyo. Halafu Muthama akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Alilala kifudifudi kwenye matope ya barabara, kama vitani, uso wake ukaja dirishani. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Mtoto?" nikasema.

"Mtoto amenikasirikia. Anasema nimeiba maji ya mawingu."

Nikakaa chini, mgongo ukutani. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa.

"Nimefika," akasema, "nikakuta mama mmoja mnene amekaa kwa sakafu, chupa katikati ya magoti, anavuta kizibo. Mwingine amemshika kiuno, anavuta yeye. Mke ya kasisi anaomba. Hiyo mtoto iko mbele kabisa, kikombe juu. Kizibo imekataa. Tangu waingie, imekataa! Wamepaka mafuta, wamezungusha na leso ya moto. Sasa mama yako alikuwa amekwenda kuchukua nyundo, avunje shingo."

"Nyundo?"

"Nyundo. Mimi nimeingia bila hodi, nikanyakua chupa. Wamefikiri ni mlevi amefuata chupa. Kuruti, mimi nimepigwa na Wajapani, nimepigwa na malaria. Lakini akina mama wa kanisa na mwavuli..." Akashika shavu. "Mpaka nikataja jina yako. Mama yako akasema, 'Ni ya Zadock? Basi ni kweli ni sumu.'"

Nikacheka. Nikacheka mpaka ikawa siyo kicheko tena, na yeye akageuza uso akatazama barabara, akisema mvua itanyesha.

Ijumaa, 14 Mei

Bwana Macharia aliporudi jana alikuwa ameshaambiwa na mwenye duka kwamba geti lilikaa wazi mchana kutwa. Alimkuta Muthama amesimama wima getini, matope mpaka kichwani, chupa mkononi.

"Wewe toa koti yangu," akasema. "Nenda."

Muthama alianza kufungua vifungo.

Mimi alikuwa ndiyo kwanza amenifungulia, bado napepesa macho. Nilijua nikisema, vyumba viwili vya Kabiria vimekwenda. Nikasema. Nilimwambia nimemtuma mimi, chupa niliiba mimi, soda niliitia mimi kwenye chupa yenye kizibo kisicho chake. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu cha kuongezea.

"Na ilikuwa inywewe wapi?" akauliza Bwana Macharia.

"Kabiria. Na akina mama wa kanisa."

"Ploti gani?"

"Yako, mzee."

Mke wake ni mmoja wa akina mama wale, ila jana alikuwa na mafua. Bwana Macharia aliichukua ile chupa, akajaribu kukizungusha kizibo, kwanza kwa vidole, kisha kwa nguvu zake zote. Hakikusogea. Akaiweka chini polepole sana, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Funga koti," akamwambia Muthama. Mimi hakunifukuza; leo asubuhi nimeingia, mlango ukafungwa kama kawaida.

Nyumbani kabati lina nafasi tupu katikati ya kitambaa. Mama Peres hajaiziba. Ameniwekea chakula lakini hajaniita mezani. Peres ameniuliza kama nitaapa tena. Nimemwambia hapana.

Jumatatu, 17 Mei

Mzee Wahome amenipa mshumaa na karatasi za majina. Hakunihubiria. Nta kila chupa. Mkono unanuka kama madhabahu.

Alhamisi, 20 Mei

Maharage ya Waithaka yamefunikwa na magugu, Bwana Macharia ameondoka mara tu baada ya kunifungia. Lakini safari hii nimesikia akisema kule juu, "Kaa na ufunguo wewe. Usimfungulie mpaka nirudi," na Muthama akajibu, "Ndiyo, bwana."

Nilidhani nimepata askari jela mpya.

Buti zilingoja mpaka Bwana Macharia akaondoka. Zikaja dirishani. Nikaona mikono mikubwa ikifungua kamba ya buti la kushoto, tundu kwa tundu, bila haraka. Kamba ikapita kati ya nondo ikiteremka, na kwenye ncha yake ulining'inia ufunguo.

"Mimi sijamfungulia mtu," akasema Muthama. "Amri ni amri."

Akaondoka kuelekea getini, buti moja limeachama mdomo, likiburuta.

Nimeutundika kwenye msumari juu ya karai, mahali ninapouona nikiinua macho. Chupa iliyogoma iko kwenye rafu ya nyuma, imeandikwa jina lake na kupakwa nta. Mlango umefungwa. Nimeosha chupa mpaka jioni.